Fungueni Kumbi za Kanisa Jumatatu

Ukitaja kituo cha mchana cha wazee Nyamira, mahali pa kukutana, kunywa chai, kupimwa presha na kurudi nyumbani jioni, utajibiwa vile vile: hakuna ploti. Ngojeni kaunti inunue shamba.

Tuachane na stori ya ploti. Huku Gusii shamba limegawiwa wana na wajukuu mpaka kimebaki kipande cha nyumba na mistari michache ya chai. Ukianza kutafuta ekari ya wazee, umeanzisha vita, na vita vya shamba tunajua vinaishia wapi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa kwa moto eneo hili wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kule Marani, kaunti jirani ya Kisii, kwa madai hayo hayo. Watetezi wa wazee wamesema mara nyingi: nyuma ya neno "mchawi" mara nyingi kuna shamba ambalo mtu analimezea mate.

Kwa hivyo kituo si anasa ya wazungu. Mzee anayeshinda peke yake ndiye uvumi humfikia kwanza. Yule anayeonekana kila Jumanne akibishana na wenzake kuhusu bonasi ya chai, siku asipofika ataulizwa.

Mahali tunapo tayari. Kuna kanisa karibu kila kilima. Waadventista hujaa Jumamosi, Wakatoliki Jumapili. Jumatatu mchana viti vimepangwa ukutani na kufuli iko mlangoni. Na kumbi hizo zilijengwa kwa harambee. Hao bibi waliuza ndizi wakachanga. Leo wanaomba kukalia viti walivyonunua.

Si kila ukumbi utafaa. Uwe chini, bila ngazi. Bodaboda ifike mlangoni hata mvua ikinyesha, na mvua ya huku haina adabu. Maji yawepo. Choo kiwe na kiti na mahali pa kushika, maana magoti ya miaka 80 hayachuchumai. Tena uwe karibu. Kituo kimoja kikubwa mjini Nyamira hakimsaidii bibi wa Magombo au Ekerenyo. Nauli itameza ile Sh2,000 ya Inua Jamii kabla mwezi kufika kati. Afadhali kumbi ndogo ishirini kuliko jengo moja lenye jiwe la jina la mheshimiwa.

Watasema wazee wana familia zao. Familia iko Nairobi, inatuma pesa kwa simu. Simu haimpimi mtu presha. Na Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee watunzwe na familia pamoja na serikali. Basi kaunti ilete mhudumu wa afya, sukari na fundi wa choo. Kanisa litoe ufunguo.

Wachungaji na mapadri, amri ya kuwaheshimu wazazi mnaihubiri kila wiki. Haina siku ya kupumzika.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Rongai au Kasarani, ukienda ocha Desemba, kabla ya kupiga picha na nyanya yako, muulize mzee wa kanisa: ufunguo wa ukumbi huwa kwa nani Jumatatu?