Taa za Ziwani

Bwana na bibi wa Kisii au Nyamira wapatao siku moja ya mapumziko, na washuke Homa Bay mapema, kisha Mbita. Afadhali wachague siku za giza la mwezi. Wavukapo kwenda Rusinga wakumbuke kuwa tuta lililojengwa mwaka 1983 lilizuia mkondo wa maji. Daraja limeufungua tena. Kisiwani limo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969.

Magharibi wasimame ufukoni kabla ya kurudi milimani. Taa za wavuvi huwaka majini mithili ya mji, zikivuta omena wavuni. Kila taa ina watu wake, nao wana wake zao wanaowangojea hata alfajiri. Anunuaye omena sokoni Nyamira asiwasahau.