Krimu na Kijivu Si Rangi Moja

Mdogo wangu anamalizia chumba cha wageni huko Muyinga. Mimi niko Gitega, na wiki mbili hizi simu zetu zote ni za rangi mbili: krimu iliyofifia na kijivu chepesi. Kila jirani ana lake la kumwambia. Nayajibu hapa.

Wanasema zote ni nyeupe tu, nani ataona tofauti? Kwenye kadi ya dukani, isiyozidi upana wa vidole viwili, labda hakuna. Ukutani kuta nne zinaangaziana, na kile kidogo kilichotiwa ndooni kinajitokeza.

Eti kijivu huficha vumbi. Hili nalipinga kwa nguvu zote, maana sebule yangu nilipaka kijivu. Vumbi letu la kiangazi ni jekundu, na wekundu huo ni oksidi ya chuma. Kiangazi kimoja tu, kandokando ya swichi na nyuma ya viti pakawa kama pana kutu. Krimu aghalabu hupata umanjano wake kwenye oksidi ya chuma hiyohiyo, kwa hiyo vumbi likitua juu yake halipigi kelele. Tena ua wa udongo mwekundu hurusha mwanga wake ndani kupitia dirishani. Mchana itazame dari utauona. Kijivu changu kiligeuka waridi iliyochafuka, rangi ambayo sikuinunua.

Mwingine kamwambia dirisha la kaskazini hupoza chumba. Hayo ni ya Ulaya. Muyinga iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta; kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. La kuogopwa ni dirisha la magharibi: jua la saa kumi na moja jioni huifanya krimu iwe njano hasa. Hapo tu ningekubali kijivu.

Na usiku? Balbu ndiyo inayoamua. LED ya Kelvini 6,500 hukipa kijivu sura ya zahanati. Ya 2,700 huiwivisha krimu.

Fundi anataka kuanza kesho. Asubiri: lipu mpya ya saruji ina alkali kali, iachwe wiki 4 hivi. Wakati huo mdogo wangu apake kadibodi mbili kubwa, kila moja mara mbili, azihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi, adhuhuri na taa ikiwaka. Aanze na ukuta wenye dirisha, kwani mchana ndio wenye giza kuliko zote.