Akaunti Moja, Kinga Moja
Anayewashauri wenye akiba wa Jinja na Mbale wakusanye fedha zote kwenye akaunti moja amehesabu makato, akasahau kinga. Benki ikifungwa, Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda humlipa mteja hadi shilingi milioni 10 kwa benki hiyo. Mkulima wa kahawa wa Bugisu mwenye milioni 24 katika benki tatu, nane nane, fedha zake zote zimelindwa. Akizihamishia benki moja, milioni 14 zinabaki nje. Na benki hufungwa: mwaka 1999 zilifungwa Greenland na Cooperative Bank. Mshauri huyo atajibu kwamba mifuko ya uwekezaji wa pamoja ni tofauti. Kweli, mali za mifuko hiyo hutunzwa na mdhamini, mbali na meneja. Huko naafiki kuunganisha, mradi ada ya kutoka isomwe kwanza. Ila kwa amana za benki, ukurasa mmoja wa daftari wenye safu tatu unatosha kuziona pamoja bila kuzihamisha.