Mama mwenye kisukari peke yake launji: Mambo ya kupanga kabla ya kulipia tiketi

Wiki hii nimepokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, ambaye ni mtoto wa kwanza katika familia ya watoto watano. Mama yao ana miaka 68, ana kisukari na presha, na anachoma insulini. Mdogo wao anayeishi London amejifungua, na mama ameshasema hakuna wa kumzuia kwenda kumwogesha mjukuu wake.

“Mdogo wangu,” ananiandikia, “tumechangishana ili mama asafiri daraja la biashara. Hajawahi kupanda ndege. Atapita Doha na kusubiri saa 7, lakini tumeambiwa kuna launji, atakula na kulala bila wasiwasi. Kaka yetu anapinga. Anasema fedha hizo zinatosha tiketi mbili za daraja la kawaida na chenji inabaki, kwa hiyo mama aende na mtu. Nafasi tumeshika, hatujalipa. Wewe unaandika mambo ya afya, tuambie nani yuko sahihi.”

Shikamoo dada, na hongereni kwa mjukuu. Nakujibu hapa gazetini kwa sababu najua si familia yenu peke yake inayobishana juu ya jambo hili. Watoto wakipata uwezo, wengi hutamani mzazi asafiri kwa raha. Ni upendo, na una maana kiafya pia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, launji ni ukumbi wa mapumziko ndani ya uwanja wa ndege. Abiria wa daraja la biashara huingia kwa kuonyesha pasi ya kupandia ndege. Ndani kuna viti vyenye nafasi, vyoo vya karibu, chakula cha kujipakulia na vinywaji visivyolipiwa pale pale. Baadhi zina bafu na sehemu ya kulala.

Kwa mtu wa miaka 68 hayo ni msaada wa kweli. Kutoka Dar es Salaam hadi Doha ni takriban saa 6 angani, na kutoka Doha hadi London ni takriban saa 7. Mama atakayepata maji, choo na mahali pa kunyoosha mgongo kati ya safari hizo mbili atafika akiwa na nguvu kuliko aliyekaa kwenye benchi la chuma.

Hofu yangu iko kwenye jambo lile lile mnaloliona zuri, yaani utulivu. Launji ni mahali watu wanaachwa wapumzike. Taa ni hafifu, sauti ziko chini, na nusu ya watu wamefumba macho. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka sana anaweza kuegemea kiti na kuzimia, na wahudumu wakampita wakidhani amelala. Kwenye benchi la nje, au ndani ya basi la mkoani, jirani angeuliza, “Mama, vipi, mbona unatoka jasho?” Launji jirani wa namna hiyo ni adimu.

<b>Sukari inavyoshuka launji</b>

Watu wengi hudhani hatari ya chakula cha bure ni kula kupita kiasi. Ipo, hasa kwa juisi, keki na vyakula vyenye chumvi nyingi, ambavyo si rafiki wa kisukari wala presha. Lakini kwa mama anayechoma insulini, hatari ya haraka zaidi ni kinyume chake, yaani kuchoma kisha asile vya kutosha.

Fikiria anavyokuwa pale. Mbele yake kuna vyakula asivyovijua. Hajui kipi kina nyama gani, anaona aibu kuuliza, anachukua chai na kipande kidogo cha mkate. Nyumbani amezoea kuchoma kabla ya chakula, basi amekwishachoma dozi yake ile ile. Dozi iliyopangwa kwa sahani ya ugali na mchicha sasa imekutana na chai.

Au anachoma launji akijua chakula kipo ndani ya ndege. Ndege inachelewa kuondoka, na hata ikiruka, chakula hakiletwi mara moja.

Kanuni ya kumfundisha mama ni hii: insulini ya kufanya kazi haraka isichomwe mpaka sahani iko mbele yake, na awe amekiona chakula anachoweza kukila. Kwa insulini ya kuchomwa mara moja au mbili kwa siku, muulizeni daktari saa za safari. Doha na Dar es Salaam saa ni moja, hivyo hapo hakuna cha kubadilisha. London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 2 wakati wa kiangazi chao na saa 3 wakati wa baridi. Daktari akuandikieni kwenye karatasi, saa kwa saa, achome lini.

Mama na anayemsindikiza uwanjani wakumbushwe dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Akizihisi, apime kama ana kipimo, kisha anywe nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari, au vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji. Asubiri dakika 15 na kupima tena. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyezimia hawekewi kitu mdomoni. Anaitiwa msaada wa daktari.

<b>Kwenye mkoba wa mkononi</b>

Insulini, sindano, kipimo na dawa zote za presha zikae kwenye mkoba anaoingia nao. Kwenye sehemu ya mizigo ya ndege insulini inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda haifai tena. Ziandamane na barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

Insulini iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hukaa takriban wiki 4 nje ya friji bila kuharibika, mradi isiwe kwenye joto kali. Someni karatasi ya aina anayotumia. Kwa hiyo asimpe mhudumu wa launji amwekee kwenye friji. Ni rahisi mno kuondoka na kuiacha.

Chupa ya uji na maji ya nyumbani havitapita kwenye ukaguzi, kwani vimiminika vya zaidi ya mililita 100 huzuiwa. Dawa zina ruhusa yake. Vitu vikavu havina shida: glukosi ya unga kwenye pakiti yake, biskuti, karanga. Glukosi iwe kwenye mfuko wa nguo, si chini ya khanga ndani ya begi.

Mpeni pia kadi ndogo ya kuvaa shingoni, kwa Kiingereza: nina kisukari, nachoma insulini, ukiniona nimelala na siamki niitie daktari. Akiingia launji amwonyeshe mhudumu wa mapokezi kadi hiyo na kukaa karibu na mapokezi, si kwenye kona ya giza. Najua wazazi wetu hawapendi kutangaza ugonjwa. Mwambieni ni mtu mmoja tu anayetakiwa kujua.

<b>Saa, simu na miguu</b>

Pasi ya kupandia ndege huandika saa kwa mtindo wa kizungu. Ikiandikwa 14:30, kwa mama ni saa 8 na nusu mchana. Launji nyingi hazitangazi ndege, kwa hiyo hakuna sauti itakayomwamsha. Andikeni kwenye karatasi, kwa saa za Kiswahili, muda wa kutoka launji, na mtege kengele kwenye simu yake. Uwanja wa Hamad wa Doha ni mkubwa kiasi kwamba una treni ndogo ndani yake, na mlango wa ndege hufungwa kabla ya saa ya kuondoka.

Ombeni kiti cha magurudumu na msindikizaji wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Huduma hiyo haitegemei daraja. Lakini mama aelewe kwamba msindikizaji atamwacha launji na kurudi baadaye, hivyo amuulize atarudi saa ngapi na amkumbushe mhudumu wa mapokezi.

Uwanja wa Hamad una intaneti ya bure. Mtoto mmoja apewe zamu ya kumpigia kila baada ya saa 2, na swali la kwanza liwe “Umekula nini?” Namba ya huduma kwa wateja ya shirika la ndege iwe karibu, kama mama asipopokea.

Halafu miguu. Kuna imani kwamba damu kuganda miguuni ni tatizo la viti vya bei nafuu. Si kweli. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kusafiri kwa saa 4 au zaidi umekaa huongeza hatari hiyo takriban mara 2, iwe kwa ndege, basi au treni. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, takriban mtu 1 kati ya 6,000, lakini umri na historia ya kuganda damu huiongeza. Kitu chenye hatari ni kukaa bila kusogea. Sofa ya launji haimsaidii asiyeinuka. Azunguke ukumbi kila baada ya saa moja, anywe maji, na pombe ya bure aipite.

<b>Nani yuko sahihi?</b>

Dada, kabla ya kubishana juu ya daraja, angalieni kwanza zile saa 7. Muulizeni wakala kama kuna ndege ya kuunganisha yenye kusubiri saa 2 au 3. Hilo peke yake linaweza kumfaidia mama kuliko launji yoyote.

Pili, someni masharti ya tiketi. Si kila tiketi ya daraja la biashara ina launji. Mwaka 2019 Emirates walianza kuuza tiketi nafuu za daraja hilo zisizo na huduma hiyo, na si wao tu. Na kama mnafikiria mama akae biashara na msindikizaji akae kawaida, ulizeni kama ataruhusiwa kuingia naye. Mara nyingi tiketi humwingiza mwenye jina lake tu, na wengine hulipia.

Tatu, mjibu kwa ukweli maswali haya. Je, katika miezi ya karibuni sukari ya mama imewahi kushuka hadi akasaidiwa na mtu? Je, huwa inashuka bila yeye kuhisi? Je, anashindwa kujipima na kujichoma mwenyewe? Kama jibu la hata swali moja ni ndiyo, kaka yako yuko sahihi. Kateni tiketi mbili za kawaida, mtu akae pembeni yake. Kiti kinacholala kitanda hakiwezi kugundua kwamba mama anatoka jasho.

Kama majibu yote ni hapana, na hakuna ndugu mwenye viza ya Uingereza wa kwenda naye, basi mpango wako si mbaya. Mama anayejimudu, mwenye karatasi ya daktari, kadi shingoni na glukosi mfukoni, anaweza kusafiri vizuri na launji ikamsaidia.

Kwa vyovyote vile, mpelekeni kliniki wiki kadhaa kabla ya safari, si siku mbili kabla. Mwulizeni daktari mbele ya mama mwenyewe: anaweza kukaa saa hizi peke yake? Na kaka yako awepo, asikie jibu kwa masikio yake.

Namtakia mama safari njema, na mjukuu afya tele. Ukishafahamu jibu la daktari, niandikie.