JINA LIMETOKA NEWALA, MAELEZO YAKO WAPI?

Siku hizi si jambo la ajabu, katika kituo cha mabasi cha Masasi au mbele ya ghala la korosho huko Newala, kumwona mtu ameinamia simu yake akiuliza habari za maradhi. Mtoto wake ana homa, au yeye mwenyewe ameamka magoti hayakunjuki. Basi kabla hajakwenda zahanati huandika maneno mawili matatu katika intaneti, kisha husoma yanayomjia. Wapo wakubwa wanaomcheka mtu huyu, na wapo waganga wanaomkaripia, ati anajifanya daktari. Sisi hatumcheki. Atafutaye habari za mwili wake hafanyi kosa, na mara nyingi ameziuliza kwa simu kwa sababu dirishani alipewa vidonge pasipo neno la maelezo.

Lakini twauliza: akitafuta, hupata nini?

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika wilaya ya Newala, ukaendelea hata 1953. Watu walishikwa ghafla na homa kali na maumivu ya viungo, hata wengine wakashindwa kusimama wima. Wamakonde wakauita kwa lugha yao chikungunya, yaani kile kimkunjacho mtu. Mwaka 1955 Daktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake, na R. W. Ross akakipata kirusi chenyewe katika damu ya wagonjwa. Juu ya uwanda ule maji ni ya shida. Yalichotwa mbali bondeni, yakawekwa nyumbani siku nyingi, na katika mitungi hiyo mbu wa aina ya Aedes wakazaana. Mambo yaliyo kama hayo yalionekana Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame. Baadaye ugonjwa ukafika Komoro, kisha Reunion, ambako mwaka 2005 na 2006 uliwapata watu wapatao theluthi moja ya kisiwa kizima. Mwaka 2025 waliugua maelfu katika mji wa Foshan, huko China. Kote huko madaktari hutamka neno la Kimakonde.

Sasa mwenyeji wa Newala akiandika neno hilo katika simu yake, kurasa nyingi zimjiazo ni za Kiingereza, na nyingine humwambia kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Bibi ye yote wa Newala angeweza kuwasahihisha. Hatulitaji hili kwa ajili ya fahari. Lamwonyesha msomaji kwamba ukurasa wenye picha nzuri waweza kukosea, na kosa lake likanakiliwa na wengine kumi, hata likaonekana kweli kwa wingi wa mashahidi.

Akitafuta kwa Kiswahili, lugha yenyewe yamtega. Akiandika "dawa ya viungo" huenda akaletewa bizari na mdalasini wa pilau. Akiandika "homa" huletewa malaria, kwani wengi wetu twayatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni moja. Na akisoma kwamba kipimo kimetoka "hasi", aweza kulia akidhani ameambiwa habari mbaya, kumbe ugonjwa haukuonekana.

Jambo hili si la mchezo. Homa ya chikungunya, ya dengi na ya malaria huanza kwa namna zinazofanana. Chikungunya huua kwa nadra. Malaria yaweza kumwua mtoto katika siku chache. Mzazi asomaye habari za viungo akaridhika kwamba ni chikungunya, akamlaza mtoto nyumbani, aweza kumzika. Homa ipimwe malaria kwanza. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni hakichukui hata nusu saa. Tena, yule anunuaye aspirini au diklofenaki dukani kabla haijajulikana kama ana dengi, nani amemwambia kwamba dawa hizo zaweza kuzidisha kutoka damu? Dengi iliisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na kutoka huko hata Masasi ni safari ya siku moja kwa basi.

Tarehe nayo itazamwe. Novemba 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya chikungunya, na habari hiyo ingali katika intaneti. Agosti 2025 Marekani hiyo hiyo ilisimamisha leseni ya chanjo ile kwa sababu ya madhara yake. Asomaye ya kwanza pasipo ya pili amesoma gazeti la juzi. Na zile sauti zinazozungushwa katika makundi ya WhatsApp mara nyingi hazina tarehe wala jina. Wala majibu ya akili mnemba, kwa ufasaha wake wote, hayamtazami mgonjwa macho. Aelezaye ugonjwa katika mstari wa kwanza na kutaja bei ya dawa katika mstari wa mwisho, huyo ni mfanya biashara. Afadhali mtu apige 199, namba ya Wizara ya Afya, ambayo hailipiwi.

Kwa Wizara na Waganga Wakuu wa Wilaya za Masasi na Newala twasema hivi: waandikieni watu kwa Kiswahili chao, na anzeni na ugonjwa huu uliopewa jina Newala. Semeni kwamba mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Kwamba mitungi na mapipa yafunikwe. Kwamba haijapatikana dawa ya kukiua kirusi chake, bali mgonjwa apumzike, anywe maji na kutumia paracetamoli. Kwamba maumivu yaweza kukaa miezi mingi, wala hakurogwa. Maneno hayo hayazidi ukurasa mmoja. Chini yake tieni jina la ofisi na tarehe, kisha ubandikeni pia katika mlango wa kila zahanati, kwa ajili ya wale ambao simu zao ni za kupigia tu.