Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi

Liko neno moja ambalo sisi wakazi wa Kisii na Nyamira tumezoea kulitumia pasipo kulipima. Mtu akirejea nyumbani katikati ya mwezi kutoka Nairobi, Mombasa au Kericho, sanduku lake likiwa juu ya pikipiki, husemwa papo hapo kwamba "amefutwa". Hatuulizi iwapo aliiba, alilewa kazini au alimtukana mkubwa wake. Wala hatuulizi iwapo kampuni ilifilisika, shule ilikosa wanafunzi, au mashine ilichukua nafasi ya mikono yake. Yote hayo kwetu ni kufutwa. Na kwa kuwa kufutwa ni aibu, mwenzetu hujifungia nyumbani, hukwepa soko la Keroka siku ya gulio, na kanisani huketi kiti cha nyuma ili atoke kabla ya watu kumsalimu.

Hoja yangu ni kwamba kupunguzwa kazi si kufutwa kazi. Jamii isiyoitambua tofauti hiyo humnyang'anya aliyepunguzwa silaha ya kwanza anayoihitaji katika kutafuta kazi nyingine, nayo ni heshima yake mwenyewe. Nawalenga hasa walimu na wanafunzi, kwa sababu shule ndiyo iliyotufundisha kumpima mtu kwa mshahara wake, na shule ndiyo inayoweza kutufundisha vinginevyo.

Tuanze na sheria, maana haikuacha jambo hili gizani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaeleza kupunguzwa kazi kuwa ni kupoteza ajira pasipo hiari na pasipo kosa la mfanyakazi. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi au kwa mfanyakazi mwenyewe asiye mwanachama, na pia kwa afisa wa leba, akieleza sababu. Anapochagua wa kuondoka ni sharti azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Ni lazima alipe siku za likizo ambazo hazikutumiwa, atoe ilani ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na juu ya hayo alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Basi mwalimu aliyefundisha shule ya kibinafsi kwa miaka 8 anadai mshahara wa siku 120. Tena kifungu cha 51 kinamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi.

Ni wangapi miongoni mwetu waliodai haki hizo? Aghalabu mtu huondoka kimya kimya, akidhani kuwa kudai ni kujidhalilisha mara ya pili. Hapo ndipo aibu inapogeuka hasara ya fedha taslimu. Anayejua kwamba hakukosa huuliza haki yake kwa sauti. Anayejidhania mkosaji hushukuru hata kwa nauli.

Tukiitazama historia ya karibuni, tutaona kwamba kupunguzwa kazi hakuchagui mvivu wala hodari. Serikali ilipoanza kuurekebisha utumishi wa umma mwaka 1993, watumishi wengi wa ngazi za chini walistaafu mapema, na wakarudi vijijini na malipo ambayo kwa wengi hayakudumu. Mwaka 1998 serikali ilisitisha uajiri wa walimu, na ile desturi ya mhitimu kutoka chuoni akaingia darasani moja kwa moja ikakoma. Huko Kericho, ambako vizazi vya watu wetu wamechuma majani chai, mashine za kuchumia zimekuwa zikipunguza wachumaji mwaka baada ya mwaka, hata waandamanaji wakazichoma baadhi yake mwezi wa Mei 2023. Na nani amesahau Machi 2020? Shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wote hawakurejea hadi Januari 2021. Walimu wengi wa shule za kibinafsi nchini walikaa miezi hiyo pasipo mshahara, na baadhi ya shule hazikufunguliwa tena. Je, virusi vilikuwa vimesoma ripoti za utendakazi za walimu hao?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni moja tu: arudi shambani. Ushauri huo ulikuwa na maana zamani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii na zaidi ya 600,000 katika Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Shamba ambalo babu alilima kwa siku nyingi, mjukuu hulimaliza kabla ya chai ya saa nne. Pareto, iliyowasomesha wengi wa rika la wazazi wetu, iling'olewa malipo yalipokawia. Kumwambia mtu arudi shambani bila kumuuliza shamba lenyewe liko wapi ni kumfukuza kwa maneno matamu. Shamba dogo laweza kumpa ndizi na mboga akiwa bado anatafuta, nalo ni jambo la kushukuriwa, lakini halipaswi kutumiwa kumwambia aache kutafuta.

Adui mkubwa wa mtafuta kazi, hata hivyo, huenda asiwe ufukara peke yake. Tupo na ushahidi wa zamani juu ya hili kutoka mbali. Takriban mwaka 1930 kiwanda cha nguo katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria, kilifungwa, na kijiji karibu chote kikakosa kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuchunguza maisha ya watu wale, na mwaka 1933 wakachapisha waliyoyaona. Mtu angetarajia kwamba wasio na kazi, kwa kuwa wana wakati, wangesoma zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua kwa karibu nusu, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole barabarani na kusimama kila mara, wasijue saa imekwendaje. Wanawake, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikukoma, siku zao zilibaki na umbo.

Somo hilo latuhusu. Anayepoteza kazi hupoteza pia kengele ya asubuhi, na asipojitengenezea kengele yake, siku humlemea. Basi aliyepunguzwa na aamke saa ile ile aliyokuwa akiamka. Asubuhi iwe ya kutafuta: kuandika barua za maombi, kufuatilia matangazo ya Tume ya Huduma za Walimu, kuhakikisha usajili wake na vyeti viko sawa, kuwatembelea walimu wakuu. Awe na daftari la kuandika alikopeleka maombi, tarehe na jibu alilopewa, ili ajue kwamba wiki haikupita bure hata kama hakuna aliyemjibu. Alasiri iwe ya kipato kidogo na ya kuunoa ujuzi. Mwalimu asiyefungua kitabu kwa mwaka mzima atakuta mtaala umemwacha. Ilitosha Januari 2023, sekondari ya msingi ilipoanza katika shule za msingi, kutuonyesha jinsi mambo yanavyobadilika upesi. Na asione haya kuuza ndizi au kubeba mawe ya Tabaka. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Lakini mtu mmoja peke yake huchoka, na hapa ndipo wazee wetu walipotutangulia kwa hekima. Abagusii walikuwa na risaga, ambapo majirani walikusanyika kumsaidia mmoja wao palizi au mavuno, na walikuwa na egesangio, kikundi kidogo kilichozunguka leo kwa huyu na kesho kwa yule. Aliyelimiwa hakuitwa ombaomba, kwani zamu yake ya kuwalimia wengine ilikuwa inakuja. Ni kipi kinachozuia walimu watano au sita wasio na kazi katika kata moja wakafanya egesangio ya kutafuta kazi? Wakutane siku moja kila wiki. Anayesikia tangazo awaambie wenzake, mwenye simu nzuri awajazie fomu, mmoja asome barua ya mwenziwe na kuisahihisha, na wote wachangie nauli ya aliyeitwa kwa mahojiano. Najua watu watasema nafasi ni moja na wanaoitaka ni sita, kwa hiyo watafichana. Hilo laweza kutokea. Lakini anayeficha tangazo moja hukosa matano ambayo wenzake wangemwambia.

Nisieleweke vibaya. Moyo mkuu haukuzi ajira. Hata watafuta kazi wote wa Gusii wakiamka alfajiri, nafasi hazitaongezeka kwa sababu hiyo, na serikali ya kitaifa na zile za kaunti zitabaki na deni la kuwajibu vijana waliosomeshwa kwa ng'ombe na mashamba yaliyouzwa. Ninalosema ni kwamba mtu aliyevunjika moyo hawezi kudai deni hilo, wala hataiona nafasi siku itakapopita mlangoni pake.

Kwa walimu mlio kazini nina ombi. Mwalimu mkuu anayelazimika kupunguza walimu na awaite, awaeleze sababu, awape cheti cha utumishi siku hiyo hiyo, na awaage mbele ya wenzao kama watu waliotumika vyema. Darasani, tunapowaambia wanafunzi kwamba elimu ni ufunguo, tuwaambie pia kwamba zipo nyakati ambapo mwenye ufunguo hukuta kitasa kimebadilishwa, na hilo halimfanyi kuwa mjinga. Nanyi wanafunzi, mzazi wenu au mwalimu wenu wa jana akirudi nyumbani bila kazi, msimtazame kama aliyeshindwa. Msalimuni kwa cheo kile kile mlichomsalimu nacho jana. Mwalimu hubaki mwalimu.

Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika bado anaujua moto na chuma. Anachohitaji ni koleo jingine, na majirani wasiopita mbele ya kiwanda chake wakisema kwamba hakuwa mhunzi tangu hapo.