Chuma Kilicho Mfupani Hakimo Ghalani

Miongoni mwetu wamo askari na polisi waliovunjika mguu au mkono, wakafungwa bamba la chuma na parafujo ili mfupa uunge. Wengi hudhani kwamba kidonda kikipona, mambo yamekwisha. Sivyo. Mwilini mna maji ya chumvi, yenye joto la nyuzi 37, usiku na mchana.

Chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba sana wa oksaidi. Kloraidi iliyomo katika maji ya mwili huweza kuutoboa utando huo, hasa penye mwanya mdogo chini ya kichwa cha parafujo. Metali mbili tofauti zikigusana, moja huweza kuliwa upesi zaidi. Penye usaha, maji huzidi ukali, na hatari huongezeka. Titani hustahimili zaidi.

Ndiyo maana wataalamu wameioanisha metali na kauri. Metali hubeba uzito; kauri peke yake huvunjika kama chungu. Kauri iitwayo haidroksiapatiti, yenye kalsiamu na fosfati kama mfupa wenyewe, hupakwa juu ya titani ili mfupa ushikamane nayo. Lakini tabaka hilo likiwa na nyufa, maji hupenya chini yake, nalo huweza kubanduka.

Hupimwaje? Mwaka 1990 Tadashi Kokubo na wenzake wa Japani walieleza maji ya kutengeneza, ambayo chumvi zake zinakaribiana na zile za majimaji ya damu. Kipande huloweshwa humo kwa siku kadhaa au majuma. Kikiota utando unaofanana na madini ya mfupa, hiyo ni dalili njema. Hata hivyo chombo cha maabara hakina chembe hai, wala hakipigi gwaride. Kwa hiyo kufaulu humo ni hatua ya kwanza tu.

Basi, ndugu aliyewekewa chuma na aitunze karatasi ya hospitali inayotaja aina yake, na jamaa wajue ilipo. Pakivimba, pakitoka usaha, au maumivu mapya yakianza hata baada ya miaka, asikubali kuchuliwa nyumbani. Arudi kwa daktari mapema. Kuvumilia maumivu ya namna hiyo si ushujaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.